Msikate Ninaposhuka Ngazi

Nilikuwa na pini nne mdomoni na gauni la mteja mkononi Kimya alipoingia mlangoni mwangu, baada ya miaka thelathini na mitano.

Nilimjua kabla hajasema neno. Nywele zilikuwa zimegeuka nyeupe, na bega la kushoto limeshuka kidogo kwa kubebeshwa kamera miaka yote ile, lakini macho yalikuwa yale yale. Macho ya mtu anayekutazama huku anatafuta mwanga uko upande gani. Alisimama katikati ya vyerehani vyangu viwili, kofia mkononi. Yeye ndiye aliyepewa jina la Kimya tangu ujana, lakini asubuhi ile niliyekosa la kusema nilikuwa mimi.

"Usizimeze hizo pini," akasema.

Nikazitoa moja moja, nikaziweka kwenye kikopo. Ya mwisho ikaniponyoka ikaanguka sakafuni, na nikajichukia. Mwanamke wa miaka hamsini na sita, mjane, bibi wa wajukuu wawili, fundi ambaye wateja humpangia foleni, nimeshikwa na kitete kwa sababu mwanamume amevua kofia!

"Umekuja kushonesha?" nikamuuliza, nikijitia ukali.

"Nimekuja kukuomba sahihi."

"Ya nini?"

"Ya filamu yetu. Inatoka tena."

Nikakaa chini bila kuangalia kama kiti kipo. Bahati nzuri kilikuwepo.

Kwa ninyi mliozaliwa juzi, niwaeleze. Nilipokuwa na miaka ishirini na mmoja niliigiza filamu moja tu maishani mwangu, *Dirisha la Ghorofa ya Tatu*. Nilikuwa msichana aliyefungiwa ndani na shangazi yake, na kila siku anamtazama kijana fundi saa aliyekaa na meza yake chini barabarani. Basi. Hakuna bunduki, hakuna magari ya kupinduka. Lakini watu waliipenda filamu ile mpaka nikawa siwezi kwenda sokoni. "Msichana wa Dirishani huyo!" Kisha ikatoka kwenye kanda za video, kanda zikakodishwa zikakodishwa mpaka zikakwaruzika, na watu wakasahau. Na mimi nikajifunza kusahau.

Kimya ndiye aliyekuwa mpiga picha. Sasa alikuwa akifanya kazi na kampuni inayokusanya filamu za zamani, inazisafisha na kuzitoa upya kwenye diski ili watu wazitazame nyumbani. Kila mwezi wanatoa kadhaa, za sasa zinazopendwa na zile za enzi zetu, zinapangwa rafu moja.

"Nimekaa nayo miezi minane," akasema. "Picha moja baada ya nyingine. Uso wako ulikuwa umejaa mikwaruzo. Nimeitoa yote."

"Miezi minane unanitazama?"

"Miezi minane kwa kompyuta. Kabla ya hapo nilikuwa natumia kichwa."

Akaniwekea bahasha juu ya meza ya kukatia. Ndani mlikuwa na fomu. Kampuni iliwahi kulaumiwa na familia ya mwigizaji mmoja, kwa hiyo siku hizi kila mwigizaji aliye hai anaulizwa: filamu itoke nzima, au kuna kipande angependa kiondolewe? Na mimi, kwa kuwa fundi saa wangu wa kwenye filamu alishatangulia mbele ya haki, walitaka pia niingie studio, nirekodi sauti yangu nikisimulia jinsi tulivyoipiga, ili anayetazama aweze kunisikia.

"Unajua watakuuliza kuhusu kipande gani," Kimya akasema.

Nilijua. Dakika moja na sekunde ishirini za mwisho. Mwongozaji alikuwa ameandika kwamba msichana anabaki dirishani analia. Siku ya kupiga nikamwambia silii. Kamera ilipoanza kuzunguka, nikafungua mlango, nikashuka ngazi zote tatu, nikatoka nje na kumkumbatia yule fundi saa mbele ya mtaa mzima, kichwa changu kifuani kwake, na sikumwachia. Hakuna aliyeniambia. Mwongozaji alipiga kelele, "Kata! Kata!" Kimya akajifanya hasikii. Alikuwa ameshaing'oa kamera kwenye miguu yake, ameiweka begani, ananitangulia ngazi kwa ngazi. Ndiyo maana picha ile inatikisika. Watu waliosoma huiita sanaa. Mimi najua ni kijana wa miaka ishirini na mitano aliyekuwa anakimbia kinyumenyume bila kujali kuvunja shingo.

"Wakikata pale," Kimya akasema taratibu, "filamu inaishia dirishani. Hushuki."

Nikamwambia aiache bahasha, nitafikiri.

Akarudi Alhamisi kuuliza kama nimefikiri. Akarudi Jumamosi. Kufikia wiki ya tatu alikuwa na kiti chake kando ya meza yangu, na hatukuwa tunazungumza habari za fomu tena. Nikajua kuwa mkewe alifariki miaka tisa nyuma, na kwamba hawakujaliwa watoto. Nikamweleza juu ya marehemu mume wangu, karani wa reli, mtu mwema aliyekuwa akinipokea mzigo kabla sijaufikisha mlangoni. Sitamsema vibaya mume wangu, si kwa Kimya wala kwa mtu yeyote. Ila hakutaka filamu ile itajwe nyumbani, na mimi sikuitaja.

La zamani hatukuligusa. Wiki ile ile tulipomaliza kupiga filamu, Kimya alikuja kwetu kunichumbia. Baba yangu akamwambia, "Mtu anayefumba jicho moja kutwa nzima atamwonaje binti yangu vizuri?" akamfungia mlango. Kimya akavuka barabara akasimama upande wa pili. Alisimama mchana wote. Mimi nilikuwa chumbani, namwona. Msichana aliyeshuka ngazi kwenye filamu hakuwa na ujasiri wa kutoka chumbani kwake. Miezi minne baadaye niliolewa na karani.

Habari husafiri. Jumapili ya wiki ya tatu, mwanangu akaja baada ya chakula cha mchana, na hakuja peke yake. Alikuja na mkewe, na akamchukua njiani ba' mdogo wake, yaani shemeji yangu, mdogo wa marehemu, ambaye kwa kawaida huja kwa mtu kukiwa na msiba au kukiwa na lawama. Nilipoona hakuna msiba, nikaweka maji ya chai jikoni.

Mwanangu ni mwalimu, makamu wa mkuu wa shule. Hata nyumbani kwangu hukaa kana kwamba kuna wanafunzi nyuma.

"Mama," akaanza, "tumesikia kuna mtu anakuja pale kwenye ushonaji."

"Wanakuja wengi. Ni duka."

"Mama, tafadhali. Na tumesikia kuna filamu."

"Hilo nalo ni kweli."

Shemeji akakohoa. "Shemeji, mimi sina tabia ya kuingilia mambo ya watu."

"Mungu akuzidishie."

"Lakini kaka yangu alikuoa akakusitiri. Ile picha ilikuwa imeshakufa. Leo unataka kuifufua, wajukuu zako wamwone bibi yao anakumbatiwa barabarani na mwanamume asiye babu yao? Kila nyumba iwe nayo, iwekwe kabatini karibu na vikombe?"

"Shemeji, wewe uliiona ile filamu?"

Akakohoa tena.

"Nauliza tu. Uliiona?"

"Niliiona... zamani. Kila mtu aliiona."

"Mara ngapi?"

Mkwe wangu akainamia glasi yake ya maji ghafla. Mabega yalikuwa yanacheka.

"Mama, hatujaja kufanya mzaha," mwanangu akasema. Akatoa karatasi kwenye mfuko wa koti. Alikuwa amekwenda kule kwenye kampuni, kisiri, akachukua nakala ya fomu. "Nimezungumza nao. Ni watu waelewa. Ukiweka alama hapa, wanaondoa kile kipande cha mwisho tu. Dakika moja na kidogo. Filamu inatoka, wewe unapata heshima yako, sisi tunapata yetu. Hakuna anayepoteza."

"Na Kimya?"

"Huyo mzee," mwanangu akasema, na uso ukamwiva kwa hasira, "hana sababu ya kuja tena sahihi ikishapatikana. Baba angekuwa hai..."

"Baba yako angekuwa hai ningekuwa mke wake," nikamkatiza. "Na huyo mzee angekuwa amekunywa maji akaenda zake. Usimwite baba yako aje kukusaidia ugomvi, mwache apumzike. Hayupo. Mimi nipo, niko mbele yako, niulize mimi."

"Basi nakuuliza! Unataka nini, mama? Kwa umri huo, unataka nini?"

Nadhani alitegemea nitalia. Nimemlea kwa machozi machache, lakini aliyoyaona aliyakumbuka. Nilisimama, nikazima jiko lililokuwa linachemsha chai, nikarudi, nisikae.

"Nataka nishuke ngazi," nikasema. "Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, mwongozaji akaniambia kaa dirishani ulie, nikakataa. Ndilo jambo la kijasiri pekee nililowahi kufanya kwa ajili yangu mwenyewe. Mengine yote niliyofanya nilimfanyia mtu. Nilimfanyia baba yangu, nikamfanyia baba yako, nikakufanyia wewe, na sijuti. Lakini leo unakuja na karatasi unaniambia nilifute na hilo moja, ili wenzako ofisini wasicheke?"

"Sikusema hivyo."

"Ulisema dakika moja na kidogo. Ni dakika moja na sekunde ishirini. Zote ni zangu."

Akasimama naye. Tuna kimo kimoja, mimi na mwanangu. "Mama, nitasema mara moja. Ukitia sahihi itoke nzima, na huyo mtu akiendelea kuja, wanangu hawatakanyaga hapa."

Chumba kikapoa. Hata shemeji alikodoa macho, akaona mambo yamempita kimo.

Sitawadanganya, ilinichoma. Yule mjukuu wangu mkubwa ana miaka tisa, na ndiye anayenitungia uzi kwenye sindano siku za Jumamosi. Nilikiona kwa macho ya moyo kiti chake, kitupu. Nikaanza kufikiri, ah, dakika moja ni nini?

Hapo ndipo mkwe wangu alipoweka glasi mezani. Ni mtu wa sauti ndogo, muuguzi, amezoea kuzungumza na watu wenye maumivu.

"Watoto ni wetu wawili," akamwambia mumewe. "Mimi sijasema hawatakuja."

"Wewe usiingilie."

"Nimeshaingilia. Umeniambia nije, nimekuja."

Nilimtazama msichana yule, nikaona haya kwa nusu dakika niliyokuwa nimelegea. Nikanyoosha mkono. "Nipe hiyo fomu."

Mwanangu akanipa, akidhani nimekubali. Kalamu ikawa haionekani, ikabidi nichomoe ile nyekundu ya kusahihishia iliyokuwa mfukoni mwa shati lake. Nikaweka alama penye neno *nzima*. Nikatia sahihi. Nikaandika na tarehe, kwa mkono mzuri, jinsi nilivyofundishwa shule.

"Hii hapa, mwalimu," nikasema. "Sasa kaeni mnywe chai, au mwende. Ila hasira msiiache hapa, nimefagia."

Wakaenda. Mlango ulipofungwa nikakaa sakafuni kando ya kochi, nikalia mpaka pua ikaziba. Ujasiri hauzuii machozi, unayaahirisha tu mpaka watu watoke.

Jumanne nikaingia studio, fomu ile mkobani.

Kilikuwa chumba kidogo chenye kuta za sponji, meza, maikrofoni mbili na kioo kikubwa cha televisheni. Msichana wa mitambo alinivalisha visikilizio masikioni, akatuambia mimi na Kimya tuzungumze tu kama watu walioketi sebuleni, yeye atarekodi. Taa zikapunguzwa, filamu ikaanza.

Na nikajiona.

Sikujua nilikuwa mzuri vile. Hakuna aliyeniambia kwa namna ambayo ningeamini. Ngozi ilikuwa safi kama maji, macho makubwa, shingo ndefu, na kila mara kamera inaponikaribia, inanikaribia taratibu, kwa adabu, mfano wa mtu anayebisha hodi. Nikageuka kumtazama Kimya. Alikuwa ananitazama mimi, si kioo.

"Ulinipenda hivi?" nikanong'ona.

"Mwanga ulikuwa mzuri," akasema.

"Usinikimbie. Nakuuliza."

Akameza mate. "Nilikupenda hivyo. Siku ya tatu ya kazi nilisahau kuweka mkanda wa filamu kwenye kamera. Tulipiga asubuhi nzima bure, nikasingizia mitambo imeharibika. Hakuna anayejua mpaka leo."

Nikacheka mpaka visikilizio vikanitoka. Tukaendelea. Nilisimulia gauni nililojishonea mwenyewe la kuvaa mle, shangazi wa kwenye filamu aliyekuwa mpole kuliko watu wote, jua lililokuwa linatukimbia jioni. Kisha tukafika mwisho. Yule msichana akafungua mlango. Ngazi ya kwanza. Ya pili. Picha inatikisika, inatikisika, na nasikia pumzi ya Kimya wa leo kando yangu, nzito, kana kwamba bado anakimbia kinyumenyume.

"Siku ile uliyofungiwa mlango kwetu," nikasema, "ulisimama ng'ambo mpaka saa ngapi?"

"Mpaka maduka yalipofungwa."

"Nilikuona."

"Najua. Pazia lilikuwa linatikisika."

"Mbona hukurudi kesho yake?"

"Nilirudi. Siku kumi. Pazia halikutikisika tena. Baadaye nikasikia umevishwa pete." "Sikukulaumu. Nilimlaumu baba yako, halafu nikamlaumu fundi saa, maskini, ambaye hakuwa na kosa lolote."

Nikamshika mkono. Mkono wa mzee, wenye mishipa, joto.

"Nisikilize," nikasema. "Nimeshachumbiwa mara mbili maishani, na mara zote mbili wanaume walikaa sebuleni wakaamua, mimi niko jikoni. Safari hii siendi jikoni. Hutapeleka mtu kwa shemeji, hutamwomba mwanangu, hutasimama barabarani. Nakuoa mimi. Unakubali au hukubali?"

Kimya akaufunika mkono wangu kwa mkono wake wa pili. Akaitikia kwa kichwa.

"Sema kwa sauti, maikrofoni haioni kichwa," nikamwambia, nikitania.

"Nakubali," akasema.

Sauti ya yule msichana wa mitambo ikaingia masikioni mwetu, imejaa machozi. "Mama... samahani. Bado narekodi. Nikate hapo?"

Nikamtazama Kimya. Alikuwa anacheka bila sauti, kifua chote kinapanda na kushuka.

"Usikate kitu," nikasema.

Mwezi uliofuata, diski zilitoka Jumatatu, na Ijumaa mchana mwenye duka la filamu akaniita nije kutia sahihi kwenye majalada. Nilitegemea watu kumi. Walijaa mpaka nje. Walikuwepo wanawake wa rika langu walioniambia waliikodi filamu ile wakiwa wachumba, na wasichana wadogo ambao hawakujua habari zangu ila walikuwa wamesikia maelezo yetu mle ndani na walitaka kumwona "babu aliyekubali." Kimya alijificha nyuma ya rafu ya katuni. Wakamtoa.

Mkwe wangu akaja na watoto wote wawili, mikono yao imenata peremende. Yule mkubwa akanong'ona, "Bibi, ulikuwa unajua kukimbia!" Nikambusu utosini.

Halafu nikamwona mwanangu. Alikuwa amejibanza kwenye rafu ya filamu za mapigano, ameshika jalada, analisoma kwa makini sana, kichwa chini miguu juu. Nikaweka kalamu, nikaenda.

"Umekuja."

"Nimewaendeshea gari watoto."

"Vizuri."

Akageuza jalada likakaa sawa. "Wameyasikia yale maneno shuleni, mama. Yote. Mpaka la kuoa."

"Wamesemaje?"

Akakaza taya. "Mkuu wa shule amenunua mbili. Moja ya mama yake."

Sikucheka. Nilitaka sana, lakini sikucheka.

"Mama, mimi bado sijakubali," akasema.

"Sijakuuliza, mwanangu. Ndoa ni Jumamosi ijayo, saa nne asubuhi. Suti yako nimeshaikata. Pita Jumatano uijaribu, maana nimekadiria tu, na tumbo lako siku hizi halikadiriki."

"Na nisipokuja?"

"Nitaitundika kwenye kiti chako mstari wa mbele. Watu watasema leo mwalimu amependeza, na hajabisha."

Alinitazama, yule mwanangu mkaidi anayefanana nami kwa kila kitu. Akairudisha filamu ya mapigano kwenye rafu, akaiweka sawasawa na wenzake.

"Ya rangi gani?" akauliza.